Mwaka Nilioamulia Ugomvi wa Ngamia

Tulipomzika Masanja kule Ulaya mwezi uliopita, Ulaya kijiji cha huku kwetu Kilosa, si ile ya wazungu, mimi ndiye niliyeharibu mazishi. Nilikuwa na haki hiyo. Yeye Msukuma, mimi Msagara, sisi ni watani, na mtani wako akifa usipoharibu mazishi yake watu wanaanza kuuliza mlikosana nini. Kwa hiyo vijana wakiwa wanamalizia kuchimba, mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nilijaza mdomo maziwa mgando nikaanza kulizunguka lile kaburi nikisaga meno, povu linanimwagikia kidevuni, shingo nimeinyoosha, na kila nikitembea kidogo nageuka najipiga mgongoni na kitambaa kilicholowa. Watoto walikimbia. Wazee wa Kisukuma wakatazamana. Mtu mmoja tu ndiye aliyecheka mpaka akaanza kukohoa, Bi Tausi, mpishi wetu wa zamani, ambaye siku hizi haoni vizuri, ikabidi mjukuu wake amweleze ninachofanya. Akasema, "Huyo ni Meneja. Anamwigiza Meneja." Mjane naye akacheka huku machozi yanamtoka, wakanipa kuku ili niondoke kaburini, na mchungaji akaendelea na sala zake. Baadaye watoto wa marehemu walinizunguka mkekani wakitaka kujua Meneja ni nani. Nikawaambia ni ngamia. Wakasema bibi, huku kwetu hakuna ngamia. Nikawaambia walikuwepo, tena si wale wenu wa kwenye picha wenye nundu moja, hawa walikuwa na nundu mbili kila mmoja, na baba yenu na mimi ndio tuliokuwa tunawatunza, kama neno kutunza linaruhusiwa hapo.

Nauita mwaka kwa heshima tu. Ulikuwa mrefu kuliko mwaka wa watu, na wa kulaumiwa ni ngamia. Nilikotoka hakuna la kusimulia: Zombo, mahindi, mihogo, na shule niliyoiacha kidato cha pili baada ya mimi na hesabu kukubaliana kila mmoja aende zake. Nilikuja Mikumi kumenya viazi kwa Mzee Kibwana, aliyekuwa na nyumba ya wageni na hoteli ya chakula kando ya barabara kuu. Shida ya Bosi, ndivyo tulivyomwita, ilikuwa hiyo hiyo barabara. Inapita katikati ya mbuga, mtu ameshamwona tembo bure, ameshamwona twiga bure, dirisha la basi limefunguliwa na mkononi ana yai la kuchemsha. Atasimama kwako kufuata nini? Bosi akawaza mpaka akapata jibu: mnyama ambaye mbuga haina. Kulikuwa na mzungu mmoja Dar aliyefuga wanyama wa kila aina uwanjani kwake, sasa anarudi kwao, na alikuwa na ngamia wawili, dume na jike, alioletewa muda si mrefu kutoka nchi za barafu. Bosi akawachukua.

Walifika asubuhi moja ya kipupwe, wamepiga magoti kwenye lori kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Mtaa mzima ulikuja kuwapokea, na mtaa mzima ulisikitika, maana manyoya yalikuwa yanawatoka kwa mapande, yananing'inia ubavuni kama godoro lililoingiliwa na panya. Wengine wakasema ukurutu. Wengine wakasema Bosi kauziwa maiti. Dereva wa lori, ambaye alishazoea kuulizwa, alieleza kwamba hawa kwao kuna baridi ya kuua, wanaota koti zito, joto likija wanalivua, kila mwaka hivyo hivyo. Mimi niliona ni sufi ya bure. Niliokota mapande yale nikashona mto, nikaulalia kwa raha zangu, na ilinichukua muda mrefu kuelewa kwa nini wasichana wenzangu wa chumbani wamehamishia mikeka yao stoo ya mkaa.

Kupandishwa cheo kwangu hakukuwa na akili yoyote. Nilikuwa napita uani na ndoo niliyoloweka samaki wa chumvi, yule jike akatumbukiza kichwa chote ndani ya ndoo, akanywa yale maji mpaka akalamba chuma. Siku hizo hakuna mtu aliyejua kwamba ngamia anapenda chumvi kama mtoto anavyopenda sukari. Bosi aliona kwa macho yake mnyama mkubwa namna ile ananifuata nyuma kama kifaranga, akatangaza kwamba huyu binti ana kipaji. Toka hapo viazi vikapata mtu mwingine. Jike tukamwita Shangazi, kwa sababu ya jinsi alivyokutazama: kope ndefu, mdomo wa juu umepasuka katikati, anakushusha kutoka kichwani hadi miguuni kama shangazi aliyekuja kukagua kama umefagia. Dume alikuwa Meneja, maana alitafuna kutwa nzima na hakufanya kazi. Walitembea kwa mtindo wao, mguu wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja inakwenda pamoja, halafu upande mwingine, mwili unayumba, na wageni waliopandishwa mgongoni walishuka wakiwa wameshika mdomo. Maji waliweza kukaa siku kadhaa bila kuyataka, kisha wakaamua, na wakishaamua nilichota ndoo mpaka nikahisi mikono inarefuka. Wageni walipouliza nundu ni za nini niliwajibu bila kupepesa kwamba ya mbele ni tangi la maji ya kunywa na ya nyuma ni ya akiba. Nilikuwa na uhakika kabisa. Ukiacha shule mapema unabaki na uhakika mwingi.

Masanja aliajiriwa kwa sababu ni Msukuma. Bosi aliamini mnyama yeyote mkubwa anayekula majani ni shughuli ya Wasukuma, na Masanja hakuwa mtu wa kukataa sifa. Kwao Ulaya baba yake alikuwa na ng'ombe wengi, na kweli, ng'ombe alimjua: alikuwa anamtazama mgongoni tu anakwambia huyu ana mimba, huyu anaumwa, huyu ana tabia mbaya. Sasa elimu hiyo yote akaihamishia kwa ngamia bila kubadilisha kitu. Kila sentensi ilianza na "ng'ombe wetu." Tulikula pamoja jikoni kwa Bi Tausi, ugali na dagaa, au makombo ya pilau ya wageni siku ya bahati, na utani ulikuwa mwingi kuliko mboga. Yeye alisema Wasagara tunakaa bondeni kwa sababu tulishindwa kupanda mlima. Mimi nilimkumbusha kwamba babu yake alipita hapa na meno ya tembo kichwani, akaomba maji kwetu, na kata hakurudisha mpaka leo. Bi Tausi alitusikiliza akichambua mchele, kisha anasema, "Oaneni basi, mtupunguzie kelele." Hatukuoana. Nimeolewa mara mbili, zote na watu wengine, na hakuna hata mmoja aliyenichekesha kama yule.

Mvua za vuli zilipokatika, kama mwezi wa pili hivi, Meneja akaharibika. Aliacha kula. Matawi ya miba aliyokuwa anayatafuna kama biskuti, akawa anayatazama tu. Povu jeupe likamtoka mdomoni, akasaga meno mpaka tunasikia jikoni. Kisogoni, nyuma ya masikio, likawa linamchuruzika jasho jeusi zito lenye harufu ya beberu aliyelala kwenye lami. Mkia akawa anaulowesha kwa mkojo wake mwenyewe kisha anajipiga nao mgongoni, pwaa, pwaa, kama mtu anayefua shuka. Na zile nundu zikaanza kulegea, moja ikaangukia kushoto nyingine kulia, kama soksi zilizokwisha mpira. Nikawaambia wageni maji yamekwisha kwenye matangi. Bi Tausi alisema ni kichaa cha mbwa na akahamisha chungu zake mbali na dirisha. Masanja alisema ng'ombe wao mmoja aliwahi kutoka povu, akafa. Leo, na umri huu, nikimwona mwanaume hali chakula, analowa manukato, anazunguka zunguka na kusaga meno, simwiti daktari, namwuliza jina la msichana. Lakini wakati ule tulikuwa wadogo, na Meneja hakuwa na namna ya kujieleza.

Siku ya ugomvi ilikuwa mchana, basi limesimama, abiria wako mezani, mimi nasonga ugali wa wafanyakazi. Nikasikia Shangazi analia. Kutoka nje namkuta Meneja kamlalia shingo juu ya shingo, anamng'ata, anamkandamiza, mpaka mwenzake akakunja miguu akakaa chini. Kisha akaenda nyuma yake na yeye akakaa, kama mbwa anavyokaa, miguu ya mbele kaipanua huku na huku, anakoroma na povu linaruka. Masanja alifika mbio. Katika maisha yake yote alijua dume linampanda jike likiwa limesimama, na likimaliza hata hujapata nafasi ya kumwonyesha jirani. Kitu kinachokaa chini, kinachochukua muda wote ule, kwake hakikuwa na jina lingine. "Mtani, anamponda," akaniambia. "Anamuua huyu." Mimi elimu yangu ilikuwa ya mbuzi na kuku, ambao nao wana haraka zao, kwa hiyo nilikubali. Nilimpiga Meneja mgongoni na mwiko wenye ugali wa moto, Masanja akammwagia maji ndoo kwa ndoo, na abiria wakatoka na sahani zao kutushangilia. Meneja alinigeuzia uso mara moja tu. Ule uso sijausahau: haukuwa na hasira, ulikuwa wa mtu aliyegongewa mlango na mgeni asiye na adabu. Aliendelea. Alipoinuka, aliinuka kwa wakati wake, ila sisi tuliona tumeshinda. Bosi alituagizia soda na kuku mzima. Masanja akajenga uzio wa magogo na miba kuwatenganisha, na habari za binti aliyempiga ngamia kwa mwiko zikafika Kilosa mjini kabla hata mwiko haujaoshwa.

Masika yakaja yakapita. Meneja alipoa, akarudi kula, nundu zikanyanyuka. Shangazi naye akaanza kujaa tumbo, Masanja akasema ni minyoo, au ni mimi na makombo yangu ya jikoni. Kitu kimoja tu kilitushangaza. Kila Meneja aliposogelea uzio, Shangazi aliukunja mkia juu, ukasimama kama mpini wa birika, akakojoa kidogo, akaondoka zake. Masanja alisema anamtukana. Tukaona ana haki.

Habari mbaya niliisikia nikiwa na sinia la chai mlangoni kwa Bosi. Alikuwa anaongea na shemeji yake kuhusu harusi ya binti yake, iliyokuwa mwisho wa mwaka. Alisema mzungu alimwambia hawa watazaa, na yeye alishajipangia mtoto wa ngamia, watoto wa shule waje kumwona kwa mabasi, lakini mwaka unakwisha na hakuna hata dalili. Dume litabaki la kupiga picha. Jike linakula bure. "Na pilau ya nyama ya ngamia," akasema, "Mikumi nzima hii hakuna aliyewahi kula." Nilisimama pale mpaka chai ikapoa. Sikuwa mtu wa kulia, tena kulilia mnyama aliyewahi kunitemea majani yaliyotafunwa mbele ya mkuu wa kituo cha polisi, lakini pale Mikumi hakukuwa na mwingine aliyekuwa ananisubiri asubuhi. Nilimpa Shangazi chumvi yote ya jikoni siku hiyo, na wageni walikula mchuzi wa chukuchuku. Masanja alikwenda kumwombea. Bosi alimwuliza swali moja tu: je, dume limewahi kumpanda? Masanja, mtu mkweli, alijibu hapana Bosi, sijaona hata siku moja, na toka ule ugomvi hawajalala zizi moja. Alisema ukweli wake wote, na kwa huo akawa amemchinja kabla ya mchinjaji.

Kabla ya kuchinja ilibidi mnyama akaguliwe, kwa hiyo mapema siku iliyopangwa akaja daktari wa mifugo kutoka Kilosa, kijana mpole, viatu vimejaa vumbi. Tulimpa shikamoo kwa sababu ya kazi yake, akaona aibu kuitikia marahaba kwa Bi Tausi. Alimzunguka Shangazi, akamgusa tumbo, akatuambia kwa unyoofu kwamba yeye alisomea ng'ombe, mbuzi na kuku, ngamia walifundishwa siku moja tu, na siku hiyo alikuwa na malaria. Akauliza kama jike limepandwa. Masanja akasema halijapandwa, ila lilipigwa sana. Lilipigwaje? Hapo nikapata jukwaa langu. Nilitaka Masanja awe Shangazi, akakataa, nikatumia gunia la mkaa. Nikaonyesha shingo, nikaonyesha kung'ata, nikalikalisha gunia, nikaenda nyuma yake nikakaa na mimi, nikakoroma. Yule kijana aliacha kuandika. Akauliza taratibu, "Alikaa hivyo hivyo? Kwa muda gani?" Nikamwambia mpaka ugali wa watu wote ukaungua, tena toka hapo Shangazi akimwona anamsimamishia mkia. Hakucheka. Akapanda juu ya tangi la maji, maana mtandao wa simu ulikuwa unapatikana huko tu, akampigia mwalimu wake Morogoro, na sisi chini tunasikia upande mmoja wa maneno: ndiyo mwalimu, alikuwa amekaa; ndiyo, povu; ndiyo, mkia unasimama; hapana mwalimu, waliwatenganisha na mwiko.

Aliposhuka alituambia kwamba ngamia hupandana wakiwa wamekaa. Wanachukua muda. Jike lenye mimba linamnyanyulia dume mkia, ndiyo namna yake ya kumwambia aende. Mimba yenyewe ni miezi kumi na tatu, wakati mwingine inazidi kidogo. Na akaniambia mimi pembeni, kwa upole, kwamba nundu ni mafuta, hazina hata tone la maji. Dume likiwa kwenye joto halili, ndiyo maana zinaanguka. Masanja alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akawa anatazama ardhi. Bi Tausi akaweka ungo chini. "Kwa hiyo siku ile," akasema, "mliingia chumbani kwa watu na mwiko."

Tulikuwa bado tunacheka, kicheko cha woga, Bosi alipoingia uani na mchinjaji, shemeji na wazee wawili wa upande wa bwana harusi. Daktari alimweleza. Bosi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ameshaalika watu, masufuria yameshaazimwa, na hawezi kuwaambia wakwe zake kwamba pilau imekatazwa na mkia. Daktari akajibu kwamba mkia ukinyanyuka yeye hatatoa kibali cha kuchinja, usiponyanyuka, waendelee. Basi Masanja akafungua uzio. Meneja akasimama pale pale alipo, anatafuna, anatazama barabara. Shangazi naye akasimama, mkia umelala kimya kabisa. Mchinjaji akaanza kukunja mikono ya kanzu. Nilimwona Masanja anatikisa midomo, sijui alikuwa anaomba kwa Kisukuma au anatukana. Mimi nikachukua ndoo ya maji ya samaki, nikaipitisha puani kwa Meneja, nikaanza kurudi nyuma polepole kuelekea kwa Shangazi, naye akanifuata. Alifika karibu, akainua kichwa, akanusa. Mkia wa Shangazi ukapanda juu, ukakunjika mgongoni, ukakaa hapo. Na mchinjaji, aliyekuwa amesimama nyuma karibu mno, akawa wa kwanza kupokea taarifa, kanzu yote ya mbele. Bosi alitazama mkia, akamtazama mchinjaji, akahesabu miezi kwa vidole. "Haya," akasema, "tafuteni ng'ombe." Masanja alijibu ng'ombe wapo, kwao Ulaya, wazuri, wanene, na alikuwa ameshapanda baiskeli kabla ya mtu kumtuma.

Mtoto alizaliwa masika, asubuhi, mvua imepumzika. Masanja alipata hofu ya mwisho, kwa sababu ng'ombe akizaa anamlamba ndama wake na Shangazi hakumlamba kabisa, alisimama tu anamnusa na kumtolea sauti ndogo ya kooni. Tukadhani amemkataa. Masanja akavua shati lake jipya akamfuta yule mtoto mwili mzima, na baadaye daktari akatuambia ngamia hawalambi watoto wao, hakuna aliyekataliwa, shati tu ndilo limepotea. Mtoto akainuka kwa miguu mirefu isiyojuana, akaanguka, akainuka tena, akalipata ziwa. Bosi alikuja na kofia yake ya Ijumaa, nyuma yake wageni wa chumba namba ngapi sijui, wameshika kamera. Akainama, akamtazama mtoto mgongoni. Palikuwa na mikunjo miwili midogo ya ngozi, mitupu, imelala kama mifuko ya suruali iliyotolewa nje. Uso ukambadilika. Alinigeukia mimi mbele ya watu wote, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye ameshatangaza mpaka Kilosa.

"Nundu ziko wapi?"

Masanja alinitazama kwa macho ya kuniomba ninyamaze. Ningenyamaza, ila ndiyo kwanza nilikuwa nimejifunza kitu kimoja cha kweli katika maisha yangu, na nilikuwa na haraka ya kukitumia.

"Shikamoo Bosi," nikasema. "Ni mafuta, yatakuja akila. Hata wewe hukuzaliwa na kitambi."

Bosi alijitazama tumboni muda mrefu, kama anayekagua ushahidi. Kisha akaitikia marahaba, akavua ile kofia, akampangusa nayo mtoto matope ya puani, na akaniambia nikampikie mama mzazi uji, mwingi, na niutie chumvi ya kutosha.